Bwawa la mjomba na ngege waliodumaa

Mtu akiniambia ngege (tilapia, au sato) wa bwawa lake wamekataa kukua, simuulizi kwanza anawalisha nini. Namuuliza bwawa lilikaushwa lini mara ya mwisho. Akinijibu kwamba tangu lichimbwe halijawahi kukaushwa, mengi nimeshayajua kabla sijafika bondeni. Huku kwetu mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia hadi Tororo, mabwawa ya namna hiyo yako mengi. Yamechimbwa kwa jembe na koleo, kwa jasho la familia nzima, yakavunwa vizuri mara ya kwanza, halafu samaki wakazidi kuwa wadogo hadi mwenyewe akakata tamaa. Leo ukipita unaona mafunjo na magugu tu, na ukiuliza unaambiwa kufuga samaki hakulipi. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mengi ya mabwawa yale hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa yamejaa tu.

Bwawa la mjomba wangu lilikuwa limeanza kuelekea huko nilipoombwa kulisimamia. Lina mita 20 kwa 15. Upande wa chini maji yalikuwa yanafika kifuani, upande wa juu magotini. Linapata maji ya chemchemi isiyokauka hata kiangazi cha Januari. Mjomba alipandikiza ngege, akavuna kundi la kwanza na kuuza sokoni Busia kwa bei nzuri, kisha akaliacha lijiendee. Mgeni akija, kijana hutumwa na ndoana, wakubwa wanachaguliwa, wanakaangwa, maisha yanaendelea. Ukirusha konzi ya pumba za mahindi, maji yalikuwa yanachemka kwa samaki kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila aliyeona alimpongeza mjomba kwa utajiri wake.

Niliazima kokoro, tukalikokota vijana na mimi. Walitoka samaki wengi mno, karibu wote urefu wa kidole cha kati. Samaki wa namna hiyo usiishie kuwatazama kwa mbali. Mchukue mmoja mkononi, maana mwili wake unajieleza. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko kiwiliwili, macho makubwa, mgongo mwembamba, tumbo limeingia ndani. Lakini hawakuwa watoto. Madume walikuwa wameiva wekundu kooni na kwenye mapezi, rangi ya dume aliye tayari kuzaa. Nikamshika jike mmoja, hakuzidi sentimita 10, koo limevimba. Alipofunua mdomo kutafuta hewa vikaanza kumtoka vifaranga, kimoja kimoja kisha kwa mkupuo, vidogo vya kuonekana macho tu, vikateleza kiganjani mwangu pamoja na maji. Samaki asiyetosha kumshibisha mtoto mmoja alikuwa tayari ni mama.

Mjomba alikuwa amesimama ukingoni. "Mpwa wangu," akasema, "unaona baraka hiyo?"

"Naiona, mjomba," nikamjibu. "Ndiyo inayotumaliza."

Ngege tunayemfuga sana hapa Uganda, yule wa Nile, ni mzazi hodari. Dume huchimba shimo la mviringo kwenye sakafu ya bwawa, jike anataga humo, mayai yakisharutubishwa anayakusanya yote mdomoni. Huyabeba mpaka yaanguliwe baada ya siku chache, na hata vifaranga vikishatoka huendelea kuvilinda mdomoni humo kwa wiki nzima au zaidi. Muda wote huo hali kitu, au anakula kidogo sana. Akiviachia, anajilisha wiki chache, kisha anataga tena. Kwa joto letu hakuna msimu wa mapumziko. Ziwani huchelewa kuzaa, na watoto wake wengi huliwa na sangara, kambare na ndege. Bwawani hakuna wa kuwala wote, na yeye mwenyewe anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na gramu 30 au 40 tu za uzito. Dhiki ikizidi, anawahi zaidi. Kile kidogo anachokula kinakwenda kwenye mayai badala ya nyama.

Kitu nilichorudia kumweleza mjomba mpaka kikamwingia ni hiki: bwawa hubeba uzito, halibebi vichwa. Ni kama sufuria ya posho, yaani ugali, iliyopikwa kwa watu kumi, wakaja mia. Posho haiongezeki kwa sababu watu wameongezeka, kila mmoja anapata tonge dogo zaidi. Chukua bwawa ambalo maji yake na chakula chake vinaweza kubeba kilo 90 za samaki. Kilo hizo zinaweza kuwa ngege 300 wa gramu 300 kila mmoja. Zinaweza pia kuwa ngege 3,000 wa gramu 30. Mizani inasoma vilevile. Lakini sokoni Busia wale wa gramu 300 wanagombaniwa, hata siku ambayo samaki wa Majanji, kule ziwani Viktoria, wameletwa kwa wingi. Wale wa gramu 30 wanapangwa mafungu karibu na mukene (dagaa) mkavu, na mukene anawashinda, kwa sababu angalau mukene hana miiba ya kumkaba mtoto.

Watu wengi, wakiona samaki wadogo, hukimbilia kuongeza chakula. Mjomba alishafanya hivyo kabla yangu: pumba, mashudu ya pamba, mabaki ya jikoni. Samaki walikula, wakapata nguvu ya kuzaa zaidi. Chakula kilichobaki kilioza chini, na alfajiri unawakuta ngege wote juu ya maji wakihema, kwa sababu usiku hewa ya majini imekwisha. Ukiwaona hivyo alfajiri, acha kulisha siku hiyo na uingize maji mapya, usisubiri.

Ndoana nayo inadhuru kuliko inavyoonekana. Kila mgeni wa mjomba alikula samaki mkubwa, yaani yule aliyekuwa anakua vizuri kuliko wenzake. Waliobaki kuendeleza kizazi ni wale wasiokua ila wanazaa upesi. Mwaka baada ya mwaka, bwawa linabaki na uzao wa hao. Kupunguza kwa kokoro pia ni nafuu ya muda mfupi. Ukitoa nusu leo, nafasi uliyoifungua inajazwa na vifaranga vya miezi michache ijayo.

Jirani alituambia tutie kambare. Wazo hilo si baya, ila kwa wakati ule lilikuwa limechelewa. Kambare wa saizi inayouzwa na wazalishaji wa vifaranga hawezi kummeza ngege mzima wa sentimita 10 aliyesimamisha miiba ya mgongo. Anakula vifaranga, na vifaranga havikuwa tena shida peke yake. Shida ilikuwa maelfu ya wazazi. Mwingine akajitolea kutuletea sangara wachanga kutoka ziwani, na hapo nilikataa kabisa. Sangara hastahimili maji yenye hewa kidogo, na bwawa letu mvua ikizidi humwagika kijitoni. Sisi watu wa Ziwa Viktoria tunajua mla wenzake akitiwa mahali asipotoka kunatokea nini: sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za nkejje, ambao Watanzania huwaita furu, zilikuwa zimepotea machoni mwa wavuvi.

Kilichobaki ni kulimwaga bwawa lote. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu mzee aliyekaa miaka akisifiwa kwa bwawa lililojaa hawezi kukubali kwa siku moja kuliona tope tupu. Aliniuliza kama nataka aonekane amefilisika. Sikubishana naye. Nilimwomba beseni, nikahesabu samaki humo, tukawapima wote kwa pamoja, tukagawa. Wastani haukufika gramu 40. Mke wa mjomba ndiye aliyekuwa akinunua pumba kwa pesa zake za mihogo. Alitazama mizani, akasema, "Baba, hao samaki tunawalisha sisi au wanatula sisi?" Wiki hiyohiyo pampu ikakodiwa.

Tulifanya kazi hiyo kiangazi. Jioni tulishusha maji mpaka magotini, na kulipokaribia kucha tukamalizia, kabla jua halijapanda, kwa kuwa maji ya tope yakipata moto samaki wanakufa wote kwa mkupuo na kuharibika kabla hujawatoa. Maji yaliposhuka upande wa juu niliwaita wote waje waone. Sakafu yote ilikuwa mashimo ya mviringo, kila moja upana wa sinia, yamekaribiana mpaka kuta zake zinagusana. Hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu bila kukanyaga kiota. Mjomba alisimama pale muda mrefu. Nadhani mashimo yale yalimshawishi kuliko maneno yangu yote.

Samaki hawakupotea hata mmoja. Wengine waliuzwa palepale bondeni kwa beseni. Kina mama waliwapasua, wakawatia chumvi na kuwakaanga kwa mafuta mengi mpaka mifupa inatafunika. Wengine walikaushwa juani. Waliokuwa wadogo mno walichemshwa, wakaanikwa, wakasagwa kuwa chakula cha kuku. Samaki aliyedumaa ni chakula kizuri, asidharauliwe. Asichofaa ni kurudishwa majini kuwa mbegu. Kila mtu pale alitaka tuchague "walio bora" tuwaweke kwenye pipa ili tuanze nao upya, na nilikataa hata mmoja. Ngege wa sentimita 12 katika bwawa kama lile anaweza kuwa mzee, umri wake wa kukua haraka umeshapita, na huenda ana mdomo umejaa watoto.

Baada ya kuvua, wengi huamini kazi imekwisha. Mimi naona ndipo inapoanza, kwa sababu kifaranga cha ngege kinaweza kuishi kwenye maji yaliyobaki ndani ya alama ya unyayo. Tulizunguka tukitafuta vidimbwi, kila kimoja tukakitia chokaa ya kuchomwa mpaka tukaona hakuna kinachotikisika. (Chokaa hiyo inaunguza, vaa viatu na glavu, na usiisogelee kukiwa na upepo.) Tope jeusi tulilizoa likaenda kwenye migomba, na ndizi za mjomba zilikubali sana. Kisha tukaacha jua lifanye kazi yake hadi sakafu ikapasuka na mguu haudidimii tena. Kwa kuwa ni kiangazi, tulitumia nafasi hiyo kuchimba upande wa juu ufike mita moja, kwani maji mafupi yenye joto ndiyo chumba cha kuzalia cha ngege. Ukitaka kupanua bwawa lililo kwenye ardhi oevu, uliza kwanza kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kupitia ofisi ya mazingira ya wilaya, kabla hujaleta watu na majembe.

Mfereji wa kuingiza maji ulikuwa wazi, na kupitia hapo ngege wa kijitoni na nkejje walikuwa wanajiingiza wenyewe. Tulifunga wavu wa matundu madogo, mara mbili, na kijana wa mjomba huusafisha kila asubuhi kwa sababu majani yakiuziba maji hupita juu yake. Maji yaliporudi tukatia samadi ya ng'ombe, ikiwa ndani ya gunia lililofungwa pembeni, ili yapate rangi ya kijani. Kipimo changu ni mkono: ninauzamisha wima, na kiganja kikianza kupotea maji yakiwa yamefika kiwikoni, chakula cha asili kinatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, ni kijani kupita kiasi, na usiku samaki watakosa hewa.

Kuhusu mbegu nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo bwawa linaponyoka au linaporudi kulekule. Dume la ngege hukua haraka kuliko jike, na bwawa la madume matupu halizai. Ndiyo maana wazalishaji huwapa vifaranga wachanga, wakiwa hawajafika hata sentimita moja na nusu, chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne, na karibu wote wanakua madume. Majirani waliniuliza kama kula samaki hao kuna madhara. Niliwaeleza kwamba homoni hiyo hutolewa utotoni tu, kwa kipimo kidogo, na mwili wa samaki huiondoa miezi mingi kabla hajafika sahani yako. Kinachonisumbua mimi ni uaminifu wa muuzaji. Kundi moja tuliuziwa kwa bei ya madume matupu, na tulipovuta wavu kuwapima tukakuta majike wamo, tena wengine na mayai mdomoni. Tangu hapo sinunui kwa mtu nisiyeweza kufika kuona anavyozalisha. Kama uko upande wa Kampala, kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi, barabara ya Entebbe, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Majike yale tuliyatoa kwa mkono. Samaki akifika gramu 40 au 50, mpindue tumbo juu utazame nyuma ya tundu la haja. Dume ana kijichonge chenye tundu moja kwenye ncha. Jike ana kijichonge kifupi na cha mviringo, na katikati yake kuna mpasuko mwembamba wa kupitishia mayai. Macho yakichoka, paka tone la jivii, ile dawa ya zambarau tunayopakwa vidonda vya mdomo. Rangi inaingia kwenye mpasuko na unaona mstari wazi. Binti wa mjomba, aliye sekondari, ana jicho la kazi hii kuliko mimi. Hata hivyo mkono hukosea, na majike wachache tu wanatosha kulijaza bwawa tena, kwa hiyo kambare naye tukamwita sasa, wakati wake ulipofika.

Kambare tuliwatia ngege wakiwa wameshakaa bwawani zaidi ya mwezi na wameshawazidi ukubwa. Tuliweka mmoja kwa kila ngege kumi hivi. Wakiwa wadogo kuliko ngege, hawawezi kuwadhuru. Kazi yao ni kumeza vifaranga vinapoachiwa na mama. Uzuri wa kambare ni kwamba yeye mwenyewe kwa kawaida hazai bwawani, husubiri mafuriko, na siku ya mavuno unamuuza pia. Ubaya wake ni kutoroka: usiku wa mvua kubwa anatambaa kwenye majani akatafuta maji mengine, kwa hiyo kingo zetu tuliziinua na kuzipanda nyasi.

Ngege tuliweka wawili kwa kila mita ya mraba, wakati watu walidhani nimepunguza sana. Binti wa mjomba ana daftari. Kila mwezi tunavuta wavu, tunapima beseni moja, tunagawa, na chakula kinafuata uzito ulioandikwa. Kundi lile la kwanza baada ya kukausha lilivunwa kabla mwaka haujaisha, wengi wao wakiwa gramu 300 na kuendelea, na kina mama wa sokoni walikuja kuwachukua bondeni wenyewe. Sasa mavuno yakifika tunamwaga bwawa lote. Hatuachi "wachache wa mgeni", hata mjomba akiomba. Wageni wake tunawavulia kabla.

Naomba usidhani kila samaki mdogo amedumaa kwa msongamano. Kule Kabale, kwenye baridi ya milima, ngege hukua taratibu hata akiwa peke yake. Bwawa lenye maji meupe na lisilolishwa lina njaa tu. Tofauti utaiona mkononi: ukikuta samaki wa urefu wa kidole wana mayai au watoto mdomoni, na sakafu imejaa mashimo, huo ni msongamano, na hakuna chakula utakachonunua kikauponya.

Kama unachimba bwawa sasa, weka bomba la kutolea maji tangu siku ya kwanza, kwenye sehemu ya chini kabisa, na sakafu iinamie huko. Kukodi pampu na kukata ukingo wa bwawa la mjomba kulikula sehemu nzuri ya pesa za samaki wale. Mara hii ya pili, bomba likiwa limeshawekwa, tulilifungua jioni, tukaenda kulala, na alfajiri samaki walikuwa wamekusanyika wenyewe mbele ya wavu.